Mchaichai wa Mbu Kwenye Mimbari

Wenzangu, leo nimeaibika. Kanisani. Kwa spika.

Naandika nikiwa nimekalia upande mmoja, maana upande wa pili haukaliki. Mdomo wa juu umevimba mpaka nikiangalia chini nauona. (Sikujua mtu anaweza kuuona mdomo wake bila kioo. Leo nimejua.) Sisemi haya ili mnionee huruma. Nasema ili habari muipate kwangu kabla hamjaipata kwa Mama Kulwa, ambaye anasimulia vizuri kuliko mimi na ambaye, kwa haki, aliona yote kwa macho yake.

Nianze na mmea, maana mmea ndio chanzo. Au mimi ndiye chanzo. Mtaamua wenyewe.

Mwaka juzi dada yangu wa Mwanhuzi alinipa shina moja la majani, kalifunga kwenye mfuko wa sukari. Akasema, "Panda karibu na mlango. Huu ni mchaichai wa mbu." Nikamuuliza, mchaichai si ule wa chai? Akasema hapana, huu ni ndugu yake. Wanafanana sura na harufu, ila huu haunywewi, huu unafukuza mbu. Nikamuuliza kama ana hakika. Akanijibu, "Wewe tangu shuleni kazi yako ni kuuliza watu kama wana hakika."

Nikaupanda. Ukashika. Kwetu hapa Sapiwi kitu kikishika bila kubembelezwa na maji kinapewa heshima yake. Shida ikawa jina. Mimi nauita mchaichai wa mbu, kama nilivyoambiwa. Mume wangu, Baba Minza, aliwahi kuuchemsha kwenye chai nikiwa shambani napalilia pamba, na tangu siku hiyo anauita sabuni. Mama Kulwa anauita nyasi. Binti mmoja wa dukani Bariadi mjini aliniambia jina lake halisi ni sitronela, na alilitamka kwa uhakika mkubwa, lakini alikuwa ananiuzia mafuta yenye jina hilo hilo, kwa hiyo sijui.

Matumizi yake nimeyajaribu mwenyewe na nitasema ukweli. Ukiponda majani ukajipaka miguuni jioni wakati wa kukamua, mbu wanapungua. Hawaishi, wanapungua. Ukiyachoma yakiwa makavu kwenye jiko la mkaa, mbu wanatoka nje, na wewe unatoka nje, mnakutana huko. Nzi wa ng'ombe sikuona tofauti. Panya hawana habari kabisa. Mmoja nilimkuta amejitandikia.

Sasa kanisa.

Kanisa letu ni la tofali za kuchoma na bati. Madirisha yana nondo, vioo bado. Mimbari ni sanduku refu la mbao, ndani tupu, lina kimlango kidogo kwa nyuma cha kuwekea vitabu vya nyimbo, na tundu ubavuni ambalo fundi alilitoboa kwa ajili ya waya wa maiki. Siku hizi maiki yetu haina waya. Tundu limebaki. (Likumbukeni hilo tundu.)

Mbu walikuwa wamehamia humo. Kwenye ibada za jioni Mchungaji akisimama kuomba, wanamtafuna miguu. Unamwona anasema "Ee Bwana" huku anaukuna mguu wa kushoto kwa kiatu cha kulia. Kwaya nzima inainama, si kwa unyenyekevu, inaficha meno. Jambo likafika kwenye kikao cha akinamama.

Mama Kulwa ndiye mwenyekiti wetu, naye ni mtu wa kumaliza mambo. Akasema tununue dawa ya kopo, tupulize, tufunge mjadala. Tukamkumbusha mara ya mwisho tulipopuliza dawa ya kopo waimbaji wa sauti ya kwanza walikohoa mpaka wakati wa sadaka. Sijui ni nini kilinipata, nikanyoosha mkono.

"Mimi nina majani," nikasema. "Sina hakika nayo. Ila ninayo."

"Zile nyasi zako?" Mama Kulwa akauliza.

"Mchaichai wa mbu."

"Mama Minza, mbu hawa wanasikia neno la Mungu tangu tupaue na hawajatoka. Leo watoke kwa nyasi?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana ilichekesha. Lakini majani ni ya bure, kwa hiyo kazi nikapewa.

Hapo kuna jambo mnapaswa kulijua, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilijisumbua kiasi kile. Jina langu lilikuwa limependekezwa kwenye uzee wa kanisa. Kusimikwa kulipangwa leo. Mama Kulwa hakukubaliana nalo tangu mwanzo, na alilisema mbele yangu, si nyuma yangu, na kwa hilo namheshimu. Alisema, "Mama Minza ni mtu mwema, hana neno. Lakini mzee wa kanisa ni mtu wa kuamua. Huyu ukimuuliza saa ngapi, anakuuliza wewe unaonaje."

Ni kweli. Nikamwambia ni kweli. (Hilo nalo halikunisaidia.)

Mchungaji akasema, "Tumpe nafasi, tumwone." Kwa hiyo mimbari ile kwangu haikuwa habari ya mbu peke yake. Nilitaka angalau Jumapili moja watu waseme: hili aliliamua Mama Minza, na limekaa vizuri.

Ijumaa nikakata majani, mafungu makubwa. Nikayatwanga kwenye kinu. Nikaingiza mkono kwenye kile kimlango nikasugua sanduku lote kwa ndani, kuta, pembe, chini, juu, mpaka mbao zikalowa. Yaliyobaki nikayafunga vicha vidogo nikayapanga humo, nikafunga, nikaweka kigingi. Kanisa zima likanukia sabuni. (Baba Minza kwenye hilo alikuwa sahihi. Nimeshamwambia.)

Jumamosi nikaenda kufagia. Nikakuta nyuki. Si wengi. Wanaizunguka mimbari, huyu anaingia kwenye tundu, yule anatoka. Na yule anayetoka anatoka mbio, moja kwa moja mpaka dirishani, hageuki nyuma. Nikasimama na ufagio wangu nikawatazama kwa muda mrefu. Moyo ukanijaa. Nikajisemea, tazama mwanamke wewe unayejidharau. Mbu ni kitu gani? Hata nyuki wanakimbia.

Nikaongeza majani.

Nikiwa bado nimeingiza mkono mle, mzee mmoja akasimama mlangoni na fimbo yake. Ni Mzee Luhende, mgeni kutoka Bukundi, amekuja kumtembelea binti yake anayekaa jirani na kanisa. Nilichokuwa nakijua kwake ni kwamba ana ng'ombe na hana maneno mengi. Tukasalimiana kwa Kisukuma, yeye akiniita mayu, yaani mama, nami nikimwita bhabha, baba.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, bhabha."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Akanusa. Akanusa tena. Akatazama mimbari, akatazama tundu, akamfuata nyuki mmoja kwa macho mpaka dirishani.

"Mayu, hapa unatega?"

"Natega nini, bhabha? Nafukuza."

"Unafukuza?"

"Nafukuza."

"Haya," akasema. Akatabasamu kidogo, akaenda zake.

Nikadhani ananitania. Nikafunga mlango wa kanisa, nikarudi nyumbani kunyoosha gauni.

Sasa leo.

Nimeamka mapema, nimevaa gauni la kitenge cha bluu na kilemba chake. Kwa kuwa ilikuwa siku yangu, nikachuma majani mawili matatu nikayaponda nikajipaka shingoni na nyuma ya masikio, nisije nikawekewa mikono nikinuka maziwa. Baba Minza akanitazama.

"Leo umeoga mara mbili?"

"Ni mchaichai."

"Ni sabuni. Haya, nenda. Mimi niko zizini. Ukishasimikwa utanisimulia."

(Hakukuwa na haja ya kumsimulia. Mtaona.)

Nikafika wa kwanza kanisani. Nikatandika kile kitambaa cheupe juu ya mimbari. Ni kirefu, kinashuka ubavuni, kwa hiyo na tundu likafunikwa. Nikasikia mngurumo. Si mkubwa. Wa chini chini, kama jokofu la soda dukani. Nikasogeza sikio huku, nikasogeza kule, nikatazama spika. Nikasema ni spika.

Mpiga kinanda alipofika nikamwambia, "Spika zako zinakoroma."

"Sijaziwasha, mama."

"Labda zimejiwasha."

Akanitazama kama mtu anayetaka kusema kitu kwa mtu aliye karibu kuwa mzee wa kanisa, akaacha.

Hapo nisimame kidogo. Mtu mwingine yeyote angefungua kimlango akachungulia. Mimi nilikuwa nimeshapata jibu, na jibu likija kwangu huwa nalikaribisha na kulipa kiti, maana haliji mara nyingi.

Ibada ikaanza. Nikakaa benchi la mbele, mahali pa wanaosimikwa. Nilikuwa peke yangu kwenye benchi zima. Nyuma yangu Mama Kulwa. Kwaya ikaimba, matangazo yakasomwa, Mchungaji akapanda mimbarini akafumba macho akaomba, ombi refu, la Jumapili. Nikahisi Mama Kulwa ananisogelea sikioni.

"Mama Minza."

"Naam."

"Hajajikuna."

Nikatazama. Kweli. Viatu vyote viwili viko chini, vimetulia kama vya mtu aliyepigwa picha.

"Nimeona," nikanong'ona.

"Nyasi zako," akasema. Halafu akasogea tena. "Mchaichai wako."

Wenzangu, nataka mjue kwamba kwa muda ule mfupi nilikuwa na furaha kubwa sana. (Mbu wale ni wa jioni na hii ilikuwa asubuhi. Hatukuliwaza hilo, mimi wala yeye. Nasema ili lawama igawanywe sawa.)

Mchungaji wetu ana hoja tatu kila Jumapili, na kila hoja ina ngumi yake juu ya mimbari. Leo alihubiri juu ya usingizi wa roho.

"Mmelala katika maombi!" Ngumi.

Mngurumo ukapanda. Mchungaji akageukia spika. "Punguza hiyo, inakoroma." Mpiga kinanda akapunguza. Mngurumo ukabaki pale pale, kilichopungua ni Mchungaji. Wa nyuma wakalalamika hawasikii. "Basi ongeza, ongeza!" Akaongeza mpaka mwisho.

"Mmelala katika kutoa!" Ngumi.

Kitambaa kikatikisika ubavuni, kama kuna kitu kinapumua chini yake. Nyuki mmoja akajitokeza kwenye ukingo, akapanda, akatembea juu ya Biblia kama anatafuta fungu. Mchungaji akampuliza kwa adabu.

Nilimwona. Nikajisemea, kumbe alibaki mmoja.

"Nasema leo, enyi mliolala, amkeni!" Ngumi zote mbili.

Wakaamka.

Sijui nielezeje. Mmeona gunia la choroko likipasuka sokoni? Ilikuwa hivyo, ila badala ya kumwagika chini zilikuwa zinamwagika juu. Kitambaa kilivimba, kikateleza, kikaanguka, na lile tundu la fundi likawa linatema nyuki bila kupumzika. Mchungaji alisema "Ame" na hakuimalizia. Alishuka pale bila kutumia ngazi. Kwaya ikatoka kwa sauti zote nne. Vitabu vikaruka, ndala zikabaki bila wenyewe, na kila mtu akautaka mlango, na mlango wa kanisa letu ni mmoja. Pale mlangoni wakaanza kusongana, bibi mmoja wa watu kabanwa katikati analia.

Nikaona hapa kuna mtu ataumia. Na nikaikumbuka ile sentensi. Mzee wa kanisa ni mtu wa kuamua.

Nikaamua.

Nikaiokota maiki chini. Nikasimama mbele ya ile mimbari, mikono nimeiinua, nikasema kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo:

"Ndugu zangu, msiogope! Msikimbie! Wanaokimbia ni wao! Majani yanafanya kazi!"

Spika zetu za nje zimefungwa juu kabisa ya nguzo, moja inaelekea mnadani na nyingine inaelekea mashambani. Zilifungwa hivyo makusudi, ili injili ifike mbali.

"Yanafanya kazi! Wanatoka! Si mnaona wanatoka!"

Ndipo nyuki waliponisikia harufu. (Nilijipaka shingoni, mnakumbuka. Na nyuma ya masikio.) Mmoja akatua kwenye kilemba. Wakatua wengine. Nikasikia kilemba kinakuwa kizito na kinatembea. Wa kwanza kunichoma alinichoma mdomo wa juu, kwenye neno "mnaona". Nililosema baada ya hapo sikulisema kwa Kiswahili. Nililisema kwa lugha ya nyumbani, na lilimhusu huyo nyuki na ukoo wake. Sitaliandika hapa. Halihitaji kuandikwa, kila mtu kuanzia mnadani mpaka mashambani analo.

Maiki ilifanya kazi vizuri sana leo. Nisiisingizie.

Nikaitupa, nikaingia chini ya benchi. Kichwa na mabega viliingia. Sehemu iliyobaki nje ndiyo hiyo ambayo sasa haikaliki. Nikawa nimelala pale nasikiliza kanisa limekuwa tupu na linaunguruma lote, nikajiambia, sasa mama, hapa unaonaje? Na kwa mara ya kwanza sikuwa na wa kumuuliza.

Nikasikia hatua. Mtu anarudi ndani. Nikafunikwa kitenge kizito kichwa chote, nikashikwa mkono, nikavutwa.

"Toka huko, mwamuzi!" Ilikuwa sauti ya Mama Kulwa. "Inama! Usipunge mikono! Tembea!"

Alikuwa amevua kitenge chake cha kujitanda akanifunika mimi, kwa hiyo yeye alikuwa wazi. Walimchoma sikio. Niliwaambia tangu mwanzo kwamba ni mtu wa kumaliza mambo.

Tukaenda kukusanyika mbali, kwenye ule mwarobaini wa shule. Tukahesabiana kwa macho: hakuna aliyekosekana. Bibi aliyebanwa alikuwa salama, amepoteza kiatu tu, na anasema kilikuwa kibovu. Watu wamevimba hapa na pale. Mchungaji alikuwa ameketi kwenye jiwe, joho limekunjwa magotini, mkono wa kulia, ule wa ngumi, umejaa kama andazi. Mama Kulwa akanikalisha (kwa upande) akaanza kunikwangua miiba shingoni kwa ukucha, sikio lake jekundu likiwa karibu na jicho langu.

"Dawa ya kopo ingetosha," akasema.

"Ingetosha," nikasema.

"Nyamaza, usiongee, mdomo unazidi."

Mzee Luhende akaja taratibu na fimbo yake. Watu walikuwa wameshaenda kumwita, maana kumbe binti yake anasema kule kwao Bukundi baba yake ana mizinga ya nyuki mingi kuliko ng'ombe. Mimi nilijua habari za ng'ombe tu.

"Mayu," akasema, "nilikuuliza."

"Uliniuliza, bhabha."

"Nilisema, unatega?"

"Ulisema hivyo hivyo."

"Sisi tukitaka nyuki waingie mzinga mpya, tunausugua kwa ndani na majani ya namna hiyo. Tunaacha tundu dogo. Tunakaa mbali, tunasubiri. Nikaona wewe umefanya yote. Nikajua kanisa hili linataka asali."

"Sasa bhabha, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulikuwa unafanya vizuri kuliko mwanangu."

Watu waliokuwa wamevimba midomo walijaribu kutocheka, wakashindwa, wakaugulia. Mimi nilikuwa bado nina swali moja. Nilijua jibu halitanipendeza lakini nikaliuliza.

"Na wale wa jana? Waliokuwa wanatoka mbio mpaka dirishani?"

"Wale," Mzee Luhende akasema, "walikuwa wanakwenda kuwaita wenzao."

Hapo hata Mchungaji alicheka. Aliinamisha kichwa magotini, mabega yakawa yanatikisika, na mtu mmoja akadhani analia akamletea maji.

Kilipopoa kicheko kila mtu akakumbuka. Niliona wanavyokumbuka, maana walianza kutazama pembeni. Leo kulikuwa na kusimikwa. Mchungaji akasafisha koo.

"Sasa, kuhusu lile jambo letu lingine," akasema.

Nikasimama. Nilisema kwa mdomo nilionao kwamba ni vizuri jambo hilo liachwe. Nikasema Mama Kulwa alikuwa sahihi tangu kwenye kikao: mimi si mtu wa kuamua, na siku niliyoamua mmeiona. Nikasema anayefaa yuko hapa, sikio lake limevimba. Sikusema kwa uchungu. Niliona ndiyo haki.

Mama Kulwa hata hakusimama. Alikuwa anajipaka mate sikioni.

"Mchungaji," akasema, "mimi nilimpinga huyu. Nililisema na sikulificha. Lakini tangu nizaliwe sijaona mtu aliyejaza kanisa kwa usiku mmoja. Msimikeni upesi, kabla dhehebu lingine halijamchukua."

Mayowe! Vigelegele! Mpiga kinanda akaanguka kwenye nyasi. Mama Kulwa akaachia watu wacheke wamalize, kisha akasema kwa sauti nyingine, ya chini, ambayo nadhani si wote walioisikia: "Na wote tulikuwa tunakimbilia mlangoni. Yeye peke yake alibaki ndani anatuambia tusikimbie. Alikosea sababu. Lakini alibaki."

Sikujua la kusema. Mnanijua, huwa sijui, lakini hii ilikuwa namna nyingine ya kutojua.

Basi nimesimikwa. Chini ya mwarobaini, kilemba kimefunguliwa, nywele zina miiba, gauni la bluu lina vumbi la chini ya benchi. Sikuweza kupiga magoti vizuri, nikapiga goti moja. Mchungaji akaniwekea ule mkono wa kulia kichwani. Ulikuwa umevimba na una joto, mzito kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi, na kila alipotaja neno "hekima" nilisikia kwaya inapumua kwa shida.

Mzee Luhende amesema atawahamisha jioni jua likipoa, kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe kikavu. Amesema watatoka wakipenda. Amesema pia kwamba nyumba wanaonekana wameipenda.

Nikarudi nyumbani nimejifunika kitenge cha Mama Kulwa. Zizi letu liko ng'ambo kabisa ya mashamba, nikawa napanga njiani namna ya kumweleza Baba Minza, nianzie wapi, niache nini. Nikamkuta ameegemea mlango wa zizi. Hakunisalimia. Alinitazama mdomo, akanitazama ninavyotembea.

"Majani yanafanya kazi?" akauliza.

Nikampita nikaelekea ndani.

"Na lile neno la baadaye," akasema nyuma yangu, "ng'ombe wote waliinua vichwa."

Mmea bado uko mlangoni. Nimeutazama sana leo mchana, na sioni kosa lake. Kwa mbu unasaidia, niliwaambia, na sirudi nyuma. Ila Mama Kulwa amepita hapa kuchukua kitenge chake, akang'oa shina moja akapande kwake, na ameupa mmea jina jipya ambalo naona ndilo litakaloshika kijiji kizima: mchaichai wa nyuki. Nikamuuliza kama ana hakika. Akanionyesha sikio.

Nawaomba msinicheke. Na kama ni lazima, chekeni kwa sauti ndogo, maana ninapoandika bado wamo mle mimbarini, na kati ya wote waliohudhuria leo, wao peke yao ndio walioamka kwa mahubiri.